Nani Ameshinda, Mangi?

Saa nane mchana, Ijumaa. Jua la Gongoni limesimama juu ya mashamba ya chumvi, na weupe wake unauma macho. Kwenye steji ya bodaboda zimepangwa pikipiki kumi na moja. Madereva kumi wameelekeza shingo zao kwenye hoteli ya Wafa, ambako runinga kubwa inanguruma. Mmoja tu ndiye aliyeipa mgongo.

Huyo ni Mangi Karisa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Anafuta kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa. Kiti ni kisafi. Anakifuta tena.

"Mangi! Mazoezi yameanza!" Sufyan, dereva mwenzake, anamwita. "Yule mwekundu yuko wa pili!"

"Nimesikia," anajibu bila kugeuka.

Ni wikendi ya superbike. Ijumaa ni mazoezi, Jumamosi mbio za kwanza, Jumapili mbio fupi saa sita mchana, kisha zile kubwa saa tisa. Huko Ulaya wanaume wanaendesha pikipiki zinazopita kilomita mia tatu kwa saa, na kwenye kona wanalala mpaka goti linaisugua lami. Huku Gongoni, watu wanaoishi juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi magharibi huacha kila kitu wakaja kutazama.

Kwa misimu minne, hawakuja kutazama tu. Walikuja kumsikiliza Mangi.

Chaneli anayoipata Wafa hutangazwa kwa Kiitaliano, na pale steji Kiitaliano ni cha Mangi peke yake. Alifanya kazi ya bustani miaka sita Malindi, kwa mzee mmoja Mtaliano aliyependa mbio hizi kuliko chakula. Mzee aliporudi kwao alimwachia zawadi mbili: lugha yake, na helmeti nyeusi ya kufunika uso mzima, yenye kioo cha kushusha.

Basi Mangi akawa anasimama kando ya runinga, mwiko wa ugali mkononi kama kipaza sauti, akitafsiri na kuongeza chumvi yake. Ujira wake ulikuwa chai na sahani ya mahamri kwa mbaazi. Watu walijaa hadi dirishani.

"Sitini, wengine wamesimama," anasema Wafa, mwenye hoteli, mwanamke mcheshi ambaye habari yoyote ya Gongoni hupita kwake kwanza ndipo iende kwa mwenyewe. "Sasa nikipata ishirini nashukuru. Wallahi runinga inasema peke yake kama mgonjwa wa homa. Nimemwambia, Mangi, njoo hata useme uongo. Hataki. Aibu imemkaba koo."

Aibu hiyo ina tarehe. Ni Jumapili ya mwezi wa sita, mbio zilipokuwa Italia.

Ili kuielewa, yafaa kuijua desturi moja ya steji hii. Wengi wa madereva ni watu wa bara ya Magarini, na kwao mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja. Sasa vipi utamweka mama wa mkeo nyuma yako, akushike kiuno, kifua chake mgongoni pako? Haiwezekani. Kwa hiyo kila dereva mpya huwatajia wenzake wakwe zake, na mkwe akitokea, mwenzake humbeba.

"Mkwe wako ni abiria wangu," anaeleza Uthman, mwenyekiti wa steji. "Sisi Waislamu tuliomo tumeifuata pia. Ni heshima, haina ubaya. Miaka yote haijawahi kuvunjwa. Mpaka huyu bwana."

Jumapili ile, baada ya mbio fupi, Mangi alikuwa na saa mbili za kutafuta riziki kabla ya mbio kubwa. Siku nzuri hubakiwa na shilingi mia saba baada ya petroli, na Jumapili za mashindano huwa pungufu. Helmeti ya Mtaliano ilikuwa kichwani. Aliivaa siku hizo tu.

Saa nane hivi akatokea mama mmoja ametoka kanisani, amejifunika leso kichwa kizima kwa ajili ya jua. Zamu ilikuwa ya Mangi.

"Wa wapi, mama?"

"Fundisa."

"Panda, twende."

Hakumtazama. Hakumwamkia. Akashusha kioo.

"Ningesema shikamoo tu," anasema Mangi, na sasa ameacha kufuta kiti. "Neno moja. Angeitikia, ningeijua sauti yake, ningeshuka nikamwita Sufyan. Lakini kichwa changu kilikuwa Italia."

Kilomita ya nne kuna kona inayozunguka bwawa la chumvi. Malori hupita hapo yakidondosha punje, na lami huwa na ukungu mweupe. Kila dereva anaijua, na kila dereva hupunguza mwendo. Mangi hakupunguza. Ndani ya helmeti alikuwa ameanza kutangaza, kwa sauti ya juu, ile ya hotelini. Safari hii alikuwa akijitangaza mwenyewe.

Nyuma yake mama alikuwa akipiga kelele. "Nishushe! Wee mtoto, nishushe!" Alimkumbatia kiuno kwa mikono miwili. Mangi akatoa goti nje.

Tairi la nyuma likakanyaga chumvi.

Pikipiki ilienda upande wake na wao upande wao, hadi kwenye tope la ukingo wa bwawa. Mangi aliinuka bila jeraha. Akamkimbilia abiria, akamnyanyua kwa kumshika kwapani, akamsimamisha. Akavua helmeti. "Pole, mama. Pole sana."

Mama akamtazama. "Mangi?"

Ni Mbeyu, mama yake Zipporah. Mama wa mkewe.

"Alijifunika uso kwa viganja," Mangi anasema. "Leso ilikuwa imebaki barabarani. Nywele wazi, gauni limepanda, tope mpaka hapa. Na watu wamesimama. Mimi ndiye niliyemshika. Mimi!"

Sufyan alikuwa akija nyuma na pikipiki tupu. Akampakia Mbeyu kumpeleka zahanati. Mkono wa kulia ulikuwa umeteguka.

Kufika hapo, wengi pale steji wangemsamehe. Kuanguka ni ajali, na kutomtambua mtu ni ajali pia. Kilichofuata ndicho kilichomfanya aipe runinga mgongo miezi mitatu.

Hakwenda zahanati. Aliiokota leso, akainua pikipiki, akarudi Gongoni. Saa tisa kasoro dakika tano aliingia kwa Wafa, akachukua mwiko, akatangaza mbio kubwa kuanzia mzunguko wa kwanza.

"Nilijiambia mkwe hatakiwi kunikaribia, nikienda nitamwaibisha zaidi," anasema. "Niliifanya desturi kuwa kichaka, nikajificha. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona mbio."

Sufyan, kutoka zahanati, alimpigia simu Zipporah. Naye alipohakikisha mama yake ametibiwa, akaenda kumtafuta mumewe. Alimkuta mzunguko wa kumi na tano, sauti imepanda, watu sitini wanapiga meza. Akasimama mlangoni, mtoto mgongoni. Mmoja akanyamaza, kisha wa pili, mpaka ikabaki sauti ya Mangi na ya Mtaliano wa runingani. Halafu ya Mtaliano peke yake.

"Nani ameshinda, Mangi?" Zipporah akauliza.

Hakungoja jibu. Siku hiyohiyo alihamia kwa mama yake Fundisa.

Baada ya hapo Uthman aliweka sheria: dereva avue helmeti, amwamkie abiria, ndipo awashe pikipiki. Madereva wanaiita sheria ya Mangi. "Hebu fanya Mangi," huambiana mteja akija, na kofia zinavuliwa. Mwenyewe yupo, anasikia, mara thelathini kwa siku.

Jumamosi inapita hivyohivyo. Mbio za kwanza zinamalizika kwa makelele machache. Mangi amebeba abiria tisa, wote amewaamkia.

Lakini wiki hii kuna jambo. Dzombo, baba mdogo wa Zipporah, ameleta ujumbe: Mbeyu yuko tayari kusikiliza. Mangi aje Jumapili. Saa tisa kamili.

"Saa tisa!" Wafa anacheka mpaka anashika meza. "Mama yule si mchezo. Siku saba za wiki, saa zote hizo, akachagua ile ya mbio kubwa."

Jioni hiyo Mangi anamwomba ushauri: anunue leso mpya ya kupeleka? Kuna aliyoiona dukani imeandikwa "Kosa moja haliachi mke."

"Thubutu!" Wafa anamkatiza. "Kwanza aliyeacha si wewe, umeachwa. Pili, kosa lako si moja, bwana mkwe. Mrudishie yake."

Kwa maana leso ile anayo. Ameifua mara tatu na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki sandukuni. Mtu hawezi kumkabidhi mama mkwe nguo yake mkono kwa mkono, na mke ambaye angeifikisha alikwishaondoka. Miezi mitatu imekaa pale ikimtazama.

Jumapili, saa nane unusu, Mangi anapanda pikipiki. Amekaa nyuma. Mbele ni Sufyan.

"Leo wewe ndiye abiria," Sufyan anasema. Kisha anavua helmeti. "Shikamoo, mzee."

"Acha mchezo. Endesha."

Kwenye kona ya bwawa Sufyan anapunguza mwendo mpaka pikipiki inatembea kama punda. Mangi amefumba macho.

Uani kwa Mbeyu amewekewa kigoda mbali na mlango. Mlangoni pana pazia la maua. Mbeyu yuko nyuma yake, haonekani. Dzombo anasimama katikati, maneno yapite kwake. Mangi anaiweka leso juu ya ungo uliowekwa kwa kazi hiyo. Anaomba radhi, na Dzombo anayafikisha maneno, ingawa pazia ni jepesi na kila mtu anasikia kila kitu.

Halafu sauti ya ndani, ya chini. Dzombo anageuka.

"Mama anasema, siku ile ulikuwa ukisema maneno ndani ya ile kofia. Alisikia sauti, maneno hakuyashika. Anataka kuyajua."

Mangi anatazama ardhi.

"Baba, hayo ni upuuzi."

"Ameyauliza hayohayo."

Anayasema. Taratibu, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. "Nilisema, Mangi anaingia kona ya mwisho. Anashusha gea. Anainama, anainama, goti linaitafuta lami. Nilisema, nyuma yake hakuna mtu, jamani. Nyuma yake hakuna mtu."

Dzombo hafikishi neno. Hakuna la kufikisha.

Kisha, bila kuulizwa, Mangi anaendelea, na sauti haipandi.

"Nyuma yake kuna mama. Anaomba ashushwe, Mangi hasikii. Ameanguka. Mama amevunjiwa heshima mbele ya watu. Mangi amemtambua, amemwachia mtu mwingine ampeleke. Amerudi hotelini. Anatangaza." Anafuta uso kwa kiganja. "Ndiyo yote."

Ndani wanawake wawili wananong'ona kwa muda mrefu. Dzombo anaitwa, anaingia, anatoka.

"Mama anauliza, mashindano hayo mwaka huu yamebaki mara ngapi?"

"Ukiacha ya leo, mara tatu."

"Basi Jumapili hizo tatu, saa tisa, utakuwa kwenye shamba lake la mihogo. Mkono wake haujaweza kushika jembe."

"Nitakuja. Na mke wangu, baba?"

Kabla Dzombo hajageuka, pazia linasogea. Zipporah anatoka, mtoto mgongoni, anakwenda moja kwa moja kwenye ungo. Anaikunjua leso, anaitazama ncha hadi ncha, anaileta puani.

"Inanuka petroli," anasema. Ni neno lake la kwanza kwa mumewe tangu lile la hotelini.

"Niliifua mara tatu."

"Utaifua ya nne." Anairudisha kwenye ungo, upande wa Mangi. "Uje nayo raundi ijayo. Mimi nitahesabu."

Pazia linarudi mahali pake.

Njiani Mangi ameukumbatia kifuani mfuko wa plastiki wenye leso. Wanapofika Gongoni mbio zimekwisha. Watu wanamiminika kutoka hotelini, wakibishana nani alimziba nani kwenye kona ya mwisho. Wafa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, hawezi kungoja hata Mangi ashuke.

"Haya, lete habari! Nani ameshinda?"

Neno limemtoka kabla hajalifikiria. Uthman anatazama chini. Wafa mwenyewe anajifunika mdomo.

Mangi anashuka pikipiki polepole. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu amesimama kuielekea runinga, ingawa macho yake yako kwenye vumbi.

"Bado, dada Wafa," anasema. "Zimebaki raundi tatu."

Kisha anamgeukia Sufyan, anamuuliza kama kwao kuna jembe la kuazima.