Siku Sava Ilipostaafishwa

"Ndugu wagonjwa na wasindikizaji, leo mafaili yenu yote yanahama kutoka sava kuukuu kwenda kompyuta mpya, toleo la kisasa!" alitangaza Mama Apolonia, mwenye zahanati pale Mbagala, huku foleni ya dawa ikimpigia makofi ya njaa. Fundi alikuwa chini ya meza, miguu tu ndiyo inaonekana. Kila plagi aliipuliza kama uji wa moto kabla ya kuichomeka, kisha akaibembeleza sava kuukuu: "Tulia mrembo, usinizimikie, mafaili hayajavuka yote." Mama hakutaka sherehe ipoe. Akashika waya wa ile kuukuu, akauchomoa kwa mbwembwe kama anakata utepe. Vigelegele! "Haya fundi, waambie tumefika wapi!" Kichwa kikachomoza, bisibisi sikioni. "Shikamoo mama. Tumerudi mwanzo."