Nilikuwa Mkia wa Gari ya Maiti

Siku yangu ya kwanza kazini, waliokuwako ni hawa. Bwana Shivachi, mwenye nyumba ya mazishi hapo mjini Kakamega, ambaye sisi wote tulimwita Mkurugenzi. Mzee Lumbasi, Dereva Mkuu, aliyeoa dada ya Mkurugenzi. Kwa hivyo walikuwa mashemeji, na walikuwanga wakibishana kila asubuhi kabla ya chai. Peninah, muosha maiti, binamu ya mume wangu, ambaye ndiye aliniombea kazi. Na mimi Truphena wa Malinya, niliyesoma mpaka darasa la nne, nimeletwa kupiga deki. Hao watatu wote wameshatangulia, kwa hivyo sina wa kunisaidia kukumbuka.

Deki yenyewe sikupiga. Tanboi wao, msaidizi wa dereva, Joseck, alikuwa ameacha kazi kwa sababu msichana aliyemchumbia alikataa kuolewa na mtu wa gari ya maiti. Maiti ilikuwa ndani ya gari tayari na watu wa boma wanangoja. Mzee Lumbasi akaniangalia kutoka kichwa hadi miguu.

“Wewe, mama. Umeolewa?”

“Nimeolewa.”

“Basi hakuna wa kukukataa. Panda.”

Mkurugenzi akatoka ofisini mbio. “Shemeji, mwanamke kwa mkia wa gari? Watu watatucheka!”

“Wacha wacheke. Kwa matanga watu wanalia sana.”

Hivyo ndivyo nilipata kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka.

Nyinyi mnaosoma hii huenda hamjui mkia ni nini, kwa hivyo wacha nieleze. Gari ya maiti haiingii boma kwa pua. Inaingia kwa rivasi, kinyumenyume, ndiyo mlango wa nyuma uelekee nyumba na jeneza litoke moja kwa moja kwa mikono ya watu wake. Sasa fikiria lango jembamba la ua wa mimea, mti wa parachichi huku, choo kule, mvua imenyesha, na nyuma ya gari kuna kijiji kizima na matawi mikononi, na ngoma za isukuti, na kina mama wanaojitupa chini. Dereva anaona nini kwenye kioo? Anaona matawi tu. Yule anayetembea nyuma na kumwambia “kuja, kuja, kata kulia, nyoosha” ndiye mkia. Kofi moja kwa bodi ya gari, simama. Makofi mawili, twende. Dereva haangalii mkia, anausikiliza.

Mzee Lumbasi alinipa sheria moja tukiwa njiani siku hiyo.

“Mama Truphena, gari ikishaanza kurudi ndani ya boma, haisimami. Unanisikia? Ikisimama, watu watasema marehemu amekataa kuingia kwake. Wakisema amekataa, watatafuta ni nani aliyemkosea. Na wakitafuta mtu, watampata.”

“Na nikiona mtu amelala nyuma ya gurudumu?”

“Unamtoa kabla sijafika. Ndiyo kazi yenyewe. Mimi natembea polepole, wewe unafungua njia.”

Basi nilijifunza kufungua njia. Si kwa kusukuma watu, kwa sababu mtu mwenye msiba ukimsukuma anakuwa simba. Nilikuwa nikitanguliza wimbo. Nikianza wimbo wa kanisa ambao wote wanaujua, nikirudi nyuma kidogo kidogo, wao nao wanarudi nyuma pamoja nami wakiimba, na gari inatufuata. Anayejitupa chini nilimshika kiuno nikalia naye huku tunatembea. Nimelia na watu ambao sikujua marehemu wao alikuwa nani.

Mara moja tu gari ilisimama mikononi mwetu, na ilikuwa hapa kwetu Malinya. Mkanda wa feni ulikatika katikati ya lango. Zile nyimbo zikanyamaza, na watu wakaanza kuangaliana. Mzee Lumbasi hakungoja. Alishuka, akafungua boneti, akachomoa ule mkanda uliokatika, akauinua juu kama mtu ameua nyoka. “Jamani, marehemu hana neno! Mgonjwa ni gari!” Watu wakacheka hata ndani ya machozi, wakasukuma gari kwa mikono mpaka mlangoni. Mkanda ulizungushwa, kila mtu akaushika, wazee wakaunusa. Mambo yakaishia hapo.

Mzee Lumbasi alistaafu magoti yalipokataa kukanyaga kilachi. Mkurugenzi naye akafa, tukampeleka kwake Lurambi, mimi nikiwa mkia. Binti yake Edna akashika kampuni, naye tukamwita Meneja. Sina ubaya naye. Alitulipa bima, alitununulia buti za mvua. Alileta dereva mpya, Protus, kijana mpole asiyekunywa, na baadaye akaleta gari mpya kutoka Japani.

Hiyo gari ilikuwa na macho. Kwenye bampa ya nyuma kulikuwa na vidude vya duara kama vifungo vya koti; hivyo ndivyo vilikuwa vikihisi kitu kikiwa karibu na kupiga kelele ti-ti-ti. Juu ya mlango kulikuwa na kamera, na mbele ya dereva skrini ya kuonyesha nyuma. Ilijua kujiegesha yenyewe. Protus alinionyesha hapo kwenye maegesho ya supamaketi, ameinua mikono yote miwili na usukani unajizungusha kama umeshikwa na jini.

“Mama, unaona? Sijashika!”

“Naona. Shika, Protus. Tafadhali shika.”

Na ilikuwa na breki ya kujishika. Ukirudi nyuma na kuna kitu, inasimama yenyewe hata kama dereva hataki. Tena iliongea. Ukiingiza rivasi, sauti ya msichana ilitoka nje ikisema maneno ya Kijapani, polepole, kwa adabu. Skrini nayo ilikuwa ya Kijapani. Protus alibonyeza alichoweza kubonyeza, mengine akayaacha. Pale mjini hakuna aliyejali, magari mengi yanaongea.

Mzee Lumbasi alikuja na fimbo yake kuiona. Akaizunguka, akavigusa vile vifungo kwa kidole. Akauliza swali moja tu: “Na ikikosea, nani atashuka afungue boneti?” Protus akacheka. Meneja akaniita ofisini akaniambia sasa nitakaa mbele, nishike msalaba na maua, kwa sababu gari inajiona nyuma. Nikakaa mbele.

Sasa nifike kwa Rispa, maana yeye ndiye amenifanya niandike.

Rispa alikuwa ameolewa Iguhu na Ernest, fundi wa kushona aliyependa ng'ombe wa kupigana kuliko cherehani. Alikuwa na fahali wake mweusi. Ernest alikufa kwa ugonjwa wa figo, na Rispa ndiye alimuuguza mpaka mwisho. Hayo niliyajua kwa sababu alikuja mwenyewe kuchagua jeneza, akakaa na mimi kwenye benchi, akanieleza alivyokuwa akimpimia maji ya kunywa kwa kikombe kwa sababu daktari alikataza maji mengi. “Alikuwa akiniomba maji, mama,” aliniambia, “na mimi namnyima. Hilo ndilo linaniuma.” Nikamwambia hilo lilikuwa penzi. Aliogopa kitu kimoja tu. Kaka mkubwa wa Ernest, Amboso, hakumpenda, na nyumba waliyojenga ilisimama kwa shamba la ukoo. “Wakinifukuza, watoto watabaki,” alisema. Watoto walikuwa wawili, Faith na Kelvin.

Tulifika lango la Iguhu, boma la kwanza la gari ile, jua likiwa kali. Protus akageuza gari vizuri, akaingiza rivasi. Yule msichana wa Kijapani akaanza kuongea.

Watu wakanyamaza. Kisha nikasikia mwanamke mmoja anasema, “Ni nani huyo anaongea ndani na Ernest?”

Gari ikaingia nusu ya lango. Wenzake Ernest walikuwa wamemleta yule fahali mweusi na matawi pembeni mwa kichwa, wakamsimamisha katikati ya njia ampokee bwana wake. Gari ikapiga ti-ti-ti, ikajishika. Ikasimama.

Niliruka nje na msalaba mkononi. Nikawaomba wamtoe fahali, wakamtoa. Lakini pale alipotoka pakajaa watu, na kila mtu sasa alitaka kugusa gari iliyokataa. Protus akakanyaga mafuta, gari ikaruka hatua, ikajishika tena kwa nguvu mpaka jeneza likagonga ndani. Mlio huo wa jeneza wote waliusikia. Nikaanza wimbo. Hakuna aliyeitikia. Watu wenye hofu hawaimbi.

Amboso akaja mbele. “Ernest ana neno,” akasema. “Mleteni mkewe.”

“Baba, si Ernest,” nikamwambia. “Ni breki. Hii gari ikiona mtu nyuma inajifunga yenyewe.”

“Nionyeshe hiyo breki.”

Niwaulize nyinyi madereva wa siku hizi, ningemwonyesha nini? Boneti ningefungua nikatoa nini? Nilimwonyesha vifungo kwenye bampa. Akaviangalia, akaniangalia mimi.

“Mama, vifungo vinazuia gari?” Watu wakacheka, kicheko kibaya. Akamgeukia Protus. “Dereva, gari yako imeharibika?”

Protus alikuwa ametoa jasho kama mtu wa shimo la dhahabu. Meneja alikuwa amemwonya kwamba mbele ya wateja asiseme kamwe kuwa gari ina shida. Akasema kwa sauti ndogo, “Gari iko sawa. Ni mpya.”

Basi wakamleta Rispa. Amboso akamshika mkono akamsimamisha nyuma ya gari, viganja vyake juu ya mlango wa nyuma. “Ongea na yeye. Mwambie ulichomfanyia.”

“Sijamfanyia kitu, shemeji. Nilimuuguza.”

“Ulimnyima maji! Kijiji kizima kinajua!”

“Daktari alisema!”

“Mwombe msamaha!”

Rispa akalaza paji la uso kwenye mlango. “Baba Faith,” akasema, “nisamehe yale maji. Twende nyumbani.” Na Protus akajaribu, na gari, kwa kuwa alikuwa hapo nyuma yake, ikamwona, ikapiga ti-ti-ti, ikajishika. Akaomba tena kwa sauti kubwa, amekumbatia mlango. Ikajishika tena. Kadiri alivyosogea kumwomba, ndivyo ilivyokataa. Nilipiga kelele, “Mtoeni nyuma, jamani, ni yeye inaona!” Sauti yangu ilizama.

Mama mkwe wake, Felistus, ndiye aliyesema, “Hamtaki. Muondoeni mbele ya mwanangu.” Vijana wakambeba Rispa, mmoja mikono, mwingine miguu, wakampitisha ubavuni mwa gari, wakamtoa nje ya lango, na watu wote wakakimbia kumfuata waone. Nyuma ya gari pakabaki wazi.

Protus akakanyaga mafuta. Gari ikarudi taratibu, bila kelele hata moja, mpaka mlangoni kwa Ernest.

Sijawahi kusikia watu wakishusha pumzi namna ile. Mzee mmoja akavua kofia. “Mmejionea wenyewe,” Amboso akasema, na kweli walikuwa wamejionea.

Rispa hakutupa udongo kaburini. Kaka zake walikuja kutoka Lugari na pikapu wakamchukua na sanduku lake la nguo. Watoto walibaki.

Nilijaribu. Nilimwendea Protus, akalia, lakini kurudi Iguhu kusema alikataa. Nilimwendea Meneja nikamwomba tuirudishe ile gari kule ikiwa tupu, mtu yeyote asimame nyuma yake, Amboso mwenyewe akipenda, aone inavyosimama. Meneja akashika kichwa.

“Mama Truphena, gari ya maiti iingie boma bila maiti? Si watasema tumefuata mwingine? Watatukata.”

Alikuwa na haki. Hilo nalo nilikuwa nalijua vizuri kuliko yeye. Nikaenda mwenyewe kwa miguu yangu. Felistus alinipa kiti na chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mama, mwanangu tangu afe hajaongea hapa duniani ila siku ile. Sasa unataka kuniambia alikuwa ni mashine?” Nikanywa chai nikaondoka.

Baada ya hapo niliomba kupumzika. Walinifanyia keki, Protus akasoma maombi. Gari ile bado inafanya kazi. Mtu alipatikana Kisumu akazima ile breki na yule msichana, kwa hivyo siku hizi inaingia maboma ya watu vizuri.

Mjukuu wangu Sharon anakujanga kunitembelea na gari yake ndogo. Akitaka kuondoka ninasimama nyuma kwa mazoea na kuinua mkono. “Kukhu, toka hapo,” ananiambia, “gari haiwezi kurudi ukiwa hapo.” Natoka. Inarudi.

Vijana huniuliza kazi yangu ilinifunza nini. Sijui. Zamani gari ikikosea, kosa lilikuwa kitu unachoweza kushika na kupitisha kwa mikono. Sasa kosa halionekani, lakini watu bado wanataka kushika kitu, na wanashika aliye karibu. Sina dawa ya hilo, na sijaona mwenye nayo.

Nimeandika majina kama ninavyoyakumbuka. Kama nimekosea ukoo wa mtu, au nani aliolewa wapi, nisahihisheni, sitakasirika. Na kuna jambo moja ninaloomba hasa nisahihishwe. Waliokuwa Iguhu siku ile nawajua karibu wote, wa upande wa Felistus na wa kanisa na wale wa ng'ombe. Nimewapitia mmoja mmoja kutoka langoni hadi mlangoni, nikitafuta mtu wa boma lile aliyesema, “Mwacheni Rispa.” Simpati. Huenda ni uzee. Kama alikuwako, tafadhali nileteeni jina lake.