Kitako cha Chetezo cha Barke

Mzamil wa kisiwa cha Koyama alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na kazi yake yote ilikuwa kupunguza. Mti ulikuja mzima, yeye akauchonga hadi ukawa ubao. Shule hakuiona. Mkewe, Barke, alikuwa mfinyanzi, na kazi yake ilikuwa kuongeza: alisokota udongo kama kamba, akauzungusha, pete juu ya pete, hadi chetezo cha kufukizia udi kikasimama. Pete tatu, kisha huyoo jikoni.

Mzamil alimcheka. "Chetezo kimoja siku mbili, Barke!"

Vita vilipofika visiwani, Mzamil alikimbia na msumeno na keke ya kutobolea mbao, maana fundi hafi njaa. Barke alipakata chetezo.

"Watu wanakimbia risasi, wewe wachukua moshi," Mzamil alimwambia.

Mombasa, walikokimbilia, msumeno ulishika kutu kwa kukosa kazi. Chetezo kilifukiza udi kila Ijumaa, miaka ishirini na mitano.

Barke alifariki mwezi wa Rajabu. Ijumaa ya pili Mzamil alikishusha chetezo kabatini, akakiweka mkekani, akageuka kutafuta kiberiti, akakikalia. Kitako kikavunjika vipande vipande. Kikabaki kibakuli na shina lake. Risasi zilikikosa. Makalio ya mwenyewe yakakipata.

Hitma ya arobaini ilikuwa karibu, naye alitaka udi wa siku hiyo ufuke humo, si kwingine. Basi fundi akachonga kitako cha mvule, akakipiga msasa hadi kikang'aa, akatia makaa. Kitako kikashika moto.

"Babu, umefukiza mvule," alisema Samiha, mjukuu wake, mwalimu wa chuo cha ufundi.

"Harufu yake si mbaya."

Samiha alimpeleka karakanani kwake, penye mashine zinazojenga vitu tabaka kwa tabaka. Ya kwanza iliyeyusha uzi wa plastiki, ikauchora mstari juu ya mstari.

"Hiyo itafanya kama mvule wako," alisema Samiha. Ya pili ilikuwa na beseni la utomvu. Mwanga ulipiga kutoka chini, ukagandisha utando mmoja, kisha mwingine, na kitu kikavutwa juu polepole kama samaki mvivu.

"Hii je?"

"Nayo haiwezi makaa. Ziko zinazotandaza unga wa chuma, mwale wa leza ukauyeyusha na kuushikanisha. Hapa hatuna. Tuna hii."

Pembeni palikuwa na bomba nene lililojaa udongo mbichi. Lilikamua, likazunguka, pete juu ya pete.

Mzamil akatafuta pa kukaa. Safari hii akatazama nyuma kwanza.

Vipimo alitoa yeye: tundu sawasawa na shina la chetezo, unywele usipite, kama ubao na ubao. Samiha akaviingiza kwenye kompyuta. Pete ya tisa, udongo ukalala kama mlevi. Wakarudia. Ukalala tena.

"Isimamishe," alisema Mzamil.

"Babu, mashine haichoki."

"Udongo ndio unaochoka. Pete tatu, kisha nenda ukapike."

"Nipike nini hapa?"

"Chochote. Bibi yako alikuwa akipika."

Miaka yote ile alidhani Barke alikuwa akikwepa kazi, kumbe alikuwa akiungoja udongo ushike.

"Mchu mzima," alijisemea kwa lahaja ya kwao kisiwani, "naishi na fundi, namwita mvivu."

Wakawa wanaisimamisha kila pete tatu. Samiha alipika chai. Kitako kikasimama. Kikakaushwa siku nane, kikachomwa tanurini.

Kilipopoa, mkesha wa hitma, Mzamil akaleta chetezo. Shina halikuingia. Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa. Barke alizidisha kila tundu kwa upana wa ukucha. Mzamil alimwona akifanya hivyo mara mia, wala hakuuliza kwa nini.

"Tutengeneze kingine?" aliuliza Samiha.

"Hitma kesho. Niletee tupa."

Akaketi, akalisugua tundu kwa ndani, taratibu, vumbi jekundu likimjaa mapajani. Kupunguza alikujua. Jua lilipokaribia kuchwa, shina likaingia.

Kesho yake udi ulifuka nyumba nzima. Ummi, jirani yao, aliinama akakitazama chetezo.

"Kitako kipya hiki. Kafinyanga nani?"

"Barke," alisema Mzamil. "Mimi nilikikalia tu."