Nyundo ya Baba na Mguu Wangu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kamina, mwanangu, na tangu nilipokuona jana ukirudi kutoka mbioni ukichechemea, imenirudia yote. Kaa kwanza, bukari, huo ugali wetu, itatungoja.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, najiona swala. Kila alfajiri nilikimbia juu ya mataruma ya reli, upande wa kwenda Bukama, maana mbio za shule zilibaki wiki mbili na nilitaka kushinda. Lakini mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu: moja ni karibu mno, mawili ni mbali mno. Basi nikawa naangukia mguu uleule wa kulia, siku nenda siku rudi, bila kupumzika. Muundi ukaanza kuuma, mahali padogo tu pa kidole kimoja. Nikafunga kitambaa, nikaongeza mbio. Ujinga gani ule! Mficha maradhi, kilio humfichua.

Baba yangu, kiongozi wa mafundi wa reli, akaniona nikichechemea kando ya njia ya treni. Hakunigombeza. Aligonga reli moja kwa nyundo, ikalia kama kengele ya kanisa. Akagonga nyingine, ikatoa sauti iliyokufa.

"Umesikia? Hii iko na mupasuko ndani, macho haione. Treni inapiga fasi moja, pahali palepale, kila siku, kisha siku moja inakatika. Muguu yako njo vile."

"Baba, mbio iko karibu."

"Mbio itarudi. Na muguu?"

Picha ya hospitali ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari alisema ningeendelea kukimbia, mfupa ungekatika vipande viwili. Mbio zikafanyika bila mimi, nikalia mpaka macho yakavimba.

Lakini sikia ajabu hii. Miezi miwili baadaye, kwenye picha ya pili, pale penye ufa mfupa ulikuwa umejijenga, tena mnene kuliko kwingine. Ee Mungu wangu! Hakuna fundi aliyeugusa. Baba aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akavua kofia.

"Miaka yote niko na reli," akasema polepole, "sijaona chuma inajitengeneza."

Basi kimbia, mwanangu, mazoezi ni mema. Ila upe mwili siku zake za kupumzika, maana ndipo unapojijenga. Badili njia, na maumivu yanayorudi mahali palepale yaseme mapema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kesho tunakwenda hospitali. Viatu vyako nimekwisha kuvificha, usijisumbue kuvitafuta. Na Vidye, Mungu wa babu zetu, aliyeushona mfupa wangu gizani, aushone na wako.