Krenki Iliyochongwa kama Kinyago

Nakumbuka siku niliyoolewa, mwanangu, na kila nikiikumbuka, kinachonijia kwanza si hina wala vigelegele, ni injini. Usicheke. Jana nilikusikia barazani ukimwambia mwenzako kwamba pikipiki yako unaipeleka Buguruni ikachongwe krenki, iwe nyepesi, iruke. Baba yako alikuwa pale pale, akajifanya anatafuta kandambili. Basi kaa nikwambie mie, maana yeye hatakwambia.

Unajua baba yako ni mtoto wa wachonga vinyago. Babu yako alikuwa anakaa chini na gogo la mpingo, anatoa hapa, anatoa pale, mpaka ndani ya gogo anatokea mzee mwenye mashavu. Katika nyumba ile mtu alisifiwa kwa alichokitoa. Sasa mtoto wa nyumba hiyo akaenda kujifunza ufundi wa magari. Siku alipofungua injini ya gari lake dogo akaiona krenki, ule mhimili mzito wa chuma unaozungushwa na pistoni, hakuona krenki. Aliona gogo ambalo halijachongwa.

"Chuma kimejaa mno hiki," aliniambia. Tulikuwa wachumba, nami nilimpenda, kwa hiyo nikakubali kwamba kimejaa.

Mkereza vyuma wa Buguruni alipunguza kidogo, akasema basi, inatosha. Baba yako hakuridhika. Akairudisha nyumbani akaimalizia mwenyewe kwa tupa, kingo zikawa nyembamba kama za kisu, eti zipasue oili bila shida. Mwishowe akaipaka mafuta ikang'aa, akaniita nije nione. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ungeweza kuiweka sebuleni.

Na gari likaenda! Ukigusa mafuta tu, limesharuka. Ila kwenda taratibu halikuweza tena. Uzito alioutoa ndio uliokuwa ukiizungusha injini pale mtu anapoondoa mguu kwenye mafuta. Sasa ukiondoa mguu, linazima, na likizima haliwaki mpaka lisukumwe. Baba yako hakuona tatizo. "Kwani nani anataka kwenda taratibu?" alisema.

Harusi, mwanangu, ndiyo inayotaka kwenda taratibu.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa akiishi Tandika. Miguu ilishamkatalia, ukumbini hawezi kufika. Akaomba jambo moja: msafara ukitoka kwetu Buguruni kwenda ukumbini Mbagala, usimame mlangoni kwake, aniwekee mkono kichwani na kuniombea dua. Baba yangu akamwambia bwana harusi mbele ya wazee, "Hamisi, mengine yote nakuachia. Hili la mama yangu usiliharibu." Mie moyoni nilijua kwamba huenda sitamwona tena bibi, na nilitaka mkono ule kuliko zawadi zote.

Tukatoka. Mbele pikapu ya matarumbeta, polepole kabisa, ili watu wapate kucheza. Nyuma yake sisi: baba yako kwenye usukani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeliweza gari lile, mimi nyuma na shangazi Mwanahawa akinipepea. Gari likaanza kukohoa. Baba yako akakanyaga mafuta, likaruka, nusura limpande mpiga ngoma. Akalikwepesha gari pembeni, akaipita pikapu. Tukawaacha matarumbeta, tukawaacha ndugu zangu wote.

"Hamisi, unatupeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Mbele kidogo tu, shangazi."

"Jamani, mwali kaibwa na mimi nikiwemo!" Akatoa kichwa dirishani akipunga ule upepeo wake, na watu wa barabarani wakadhani ni shangwe, wakampungia.

Tukafika Tandika peke yetu. Bibi alikuwa kwenye kiti mlangoni, kanga mpya, mkono keshauinua. Baba yako akapunguza mwendo, injini ikataka kukata, akaogopa, akakanyaga. Tukampita. Nikageuka nikamwona, mkono ungali juu.

"Rudi!" nikasema. Akazunguka mtaa, akapunguza mwendo, akaogopa tena. Tukampita tena. Safari hii bibi alikuwa ameshika kiuno.

Nililia, mwanangu, mpaka wanja ukafika kidevuni. "Hamisi, lizime."

"Likizima ni kusukuma, na mie nimevaa joho."

"Lizime, au nafungua mlango."

Akanitazama kwenye kioo. Kwangu mimi, ndoa ilifungwa pale, si asubuhi. Akazunguka mara nyingine, akaondoa mguu kwenye mafuta, na gari likazima mbele ya mlango wa bibi.

"Shikamoo, bibi," baba yako akasema, jasho likimtiririka.

"Marahaba, mume wangu. Ulikuwa unanionyesha gari au mke mwenzangu?"

Akamweleza yote: krenki, uzito, wepesi. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo umelichonga mpaka haliwezi kunisubiri." Baba yako akanifungulia mlango, akanishika mkono nishuke.

Na kwa kuwa gari lilikuwa limekufa, hatukuwa na pa kwenda. Bibi akaniwekea mkono kichwani, akaomba dua yake yote, ndefu, bila mtu kumwambia muda umekwenda. Matarumbeta wakatukuta huko, wakapiga uani kwake, naye akacheza mabega akiwa kitini. Kisha wakalisukuma gari, na baba yako naye akisukuma mlangoni huku kashika usukani, mpaka joho likaloa jasho. Gari lilipowaka halikuthubutu kusimama kuwangoja, wakatukimbilia na tarumbeta zao mkononi.

Bibi hakuufikia mfungo uliofuata. Mpaka leo nikiumwa kichwa nauhisi mkono wake.

Ile krenki baba yako aliitoa wiki ile ile, akatia nyingine ambayo haijaguswa. Ya kuchongwa unaijua. Ndiyo inayozuia mlango wa sebule usipigwe na upepo, ambayo miaka yote umedhani ni kinyago cha babu yako.

Basi mwanangu, sikukatazi. Nenda kachonge, ujana una raha zake. Lakini fundi akikwambia basi, iwe basi. Usirudi nyumbani ukamalizie kwa tupa. Iachie pikipiki yako uzito wa kuweza kunguruma polepole mlangoni kwa mtu, maana kuna siku atakayekaa kwenye kiti akikungoja nitakuwa mimi. Mungu akulinde barabarani, akupe mke wa kukwambia "Izime," na akujaalie usikie mapema kuliko baba yako. Haya, nenda kamsaidie baba yako, hata leo bado anatafuta zile kandambili. Amezivaa.