Kura Moja ya Foleni ya Sabuni

Juzi mjukuu wangu, mwalimu wa pale Buswelu, alinisomea kwenye simu kwamba kuna nchi ya mbali imeahirisha uchaguzi wa mitaa kwa sababu ya vita. Alishangaa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo sikuhitaji kusomewa. Nilishaahirishwa zamani.

Wakati wa vita na Uganda nilikuwa Pasiansi, kando ya ziwa, nina mtoto wa miezi minne, nafua nepi kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haionekani. Ikija dukani, balozi wetu wa nyumba kumi ndiye mwenye orodha, na jina langu lilikuwa la mwisho kila mara. Nikasema ubalozi nautaka mimi. Tulikuwa tunachaguana kwa mstari: unayemtaka, unasimama nyuma yake. Wiki ya uchaguzi ilipofika, balozi akapuliza filimbi yake.

"Nchi iko vitani. Mikusanyiko marufuku. Uchaguzi mpaka adui aondoke."

Adui alikuwa ng'ambo ya ziwa. Balozi alikuwa ananiogopa mimi.

Akaamuru pia kila nyumba ichimbe handaki la kujificha. Langu likajaa maji na vyura. La kwake alilifunika mabati, akasema ni siri ya ulinzi.

Siku sabuni ilipokuja niliwahi, nikawa wa kwanza dukani. Nyumba zote zikajipanga. Nikageuka, nikawaambia, "Si mkusanyiko huu? Wote mko nyuma yangu. Basi nimeshinda."

Wakacheka. Balozi akaja, akapita pembeni, akasimama mbele yangu kama kawaida yake.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Sasa hesabu tena, mama. Na wewe umenichagua."

Nikatoka kwenye mstari, nikaenda kusimama ukutani. "Anayenitaka aje huku."

Hakuna aliyesogea. Walinitazama kwa huruma, kila mtu amebana nafasi yake. Kisha mke wa balozi akatoka kwenye mstari na karai lake, akaja nyuma yangu.

"Unakwenda wapi?" balozi akauliza. "Utakosa sabuni."

"Sabuni gani, baba watoto? Handaki letu limejaa masanduku ya sabuni, hata pa kujificha na watoto sina."

Foleni ikavunjika. Balozi alitangulia mbio kuyawahi mabati yake, na mtaa mzima nyuma yake. Ukihesabu mstari ule, alinishinda vibaya.

Tukabaki wawili. Mwenye duka akatuuliza kama tunanunua au bado tunapiga kura. Nikanunua mche mzima wa sabuni bila orodha ya mtu, na nepi siku ile zilitakata.

Ubalozi aliendelea nao mpaka vita vikaisha, na vilipoisha akasema tusubiri kwanza askari warudi.

"Bibi, kwa hiyo ulipata kura ngapi?" mjukuu akauliza.

"Moja," nikamwambia. "Ilitoka chumbani kwa balozi."