Daraja Alilolitamani Bi Bahiya

Bi Bahiya Nasser ameishi Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini, lakini ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu Nambweza, kijiji kilichoko bonde la Mto Rufiji. Baba yake alikuwa na duka huko, akiuza chumvi, khanga na mafuta ya taa. Alipofariki walimzika ng'ambo ya kijito, nyuma ya duka lake, na mama akawachukua watoto akahamia Kipawa kwa kaka yake. Bahiya alikuwa bado msichana. Leo ana wajukuu, anaishi Madale kwa mwanawe Khalil, na kila asubuhi anateremka hadi Mikocheni kwenye ofisi ya shirika letu.

Shirika ni dogo, vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Hatuchimbi visima wala hatugawi vyandarua. Kazi yetu ni kuvisemea vijiji vya bonde mahali bajeti zinapopangwa, kwa sababu wanaoishi huko ni nadra kufika mahali hapo. Katika kusemea, hakuna aliyemfikia Bi Bahiya. Akianza kueleza jinsi watu wa Nambweza walivyokuwa wakivuka daraja la miti kwenda dukani, na jinsi mafuriko yalivyolibeba daraja lile, hata maofisa waliozoea kuchezea simu vikaoni huziweka chini.

Mwaka jana alikwenda Nambweza kuwauliza wanakijiji wanahitaji nini. Wakamwambia wanahitaji daraja. Akaandika maombi, akaifuatilia halmashauri bila kuchoka, na hatimaye tukaambiwa kwamba ofisa mipango atakuja Mikocheni kutusikiliza. Mradi mmoja wa Nambweza ungeingizwa kwenye bajeti. Mmoja tu.

Siku moja kabla ya kikao, wageni wawili walifika kutoka kijijini: Mzee Mbwana, mwenyekiti wa kijiji, na Bi Siwema, aliyecheza na Bahiya utotoni. Niliwapokea stendi, nikawapeleka Madale, na Bi Bahiya akanizuia nisiondoke kabla ya chakula cha mchana.

"Kesho nitawaambia wajenge la zege," alisema huku akimpakulia Mzee Mbwana pilau. "Mtu avuke hata mvua ikinyesha."

"Ndiyo, Bi Bahiya," akaitikia mzee. "Ni hivyo hivyo."

Bi Siwema akacheka.

"Unacheka nini wewe?"

"Namcheka mwenyekiti. Kijiji kizima anakifokea, mbele ya pilau yako kawa bwana harusi."

"Siwema, kula," alisema Mzee Mbwana.

"Nakula. Shoga, hilo daraja atapita nani?"

"Si nyie?"

"Sie tulihamia mlimani tangu mafuriko. Ulipokuja si walikupokelea huko huko? Ng'ambo ya kijito hakuna nyumba hata moja. Kuna nyani, mikorosho, na kaburi la baba yako."

Bi Bahiya aliweka upawa chini. Akamgeukia mwenyekiti. "Mbona mliniambia mnataka daraja?"

Mzee Mbwana alikohoa kidogo. "Wewe ndiye uliyelitaja kwanza, mama. Ulisimama pale kijitoni ukalia. Mtoto wa marehemu Nasser, umetoka mbali, unalia. Nani angekwambia tunataka kitu kingine?"

Ndivyo ilivyo desturi ya kwao. Mtu anayelilia kaburi habishiwi. Huitikiwa mpaka atulie. Kijiji kizima kilimwitikia, naye akaandika walichomwitikia.

"Mie ningekwambia," alisema Bi Siwema, "ila siku ile nilimpeleka mke wa mwanangu kujifungua. Bodaboda ikakwama kwenye matope, mtoto akazaliwa njiani." Alikusanya punje za wali kwenye sahani yake. "Hakulia. Tunataka zahanati kule juu, Bahiya."

Hakuna aliyeongeza pilau.

Kesho yake tulijaa kwenye chumba kikubwa cha ofisi. Bi Bahiya alisimama, akamsalimu ofisa mipango, bwana mmoja aitwaye Ferdinand, kisha akasema maneno machache kuliko siku zote: "Leo atasema Siwema." Bi Siwema akaeleza habari za mlimani, za barabara ya masika na za mjukuu wake. Alisema akiwa ameketi, bila kupandisha sauti.

"Poleni sana," alisema Ferdinand. "Lakini niwe mkweli. Zahanati haina hata makadirio. Mwaka huu haitawahi, na bajeti ijayo siwezi kuisemea. Daraja lina michoro tayari. Bi Bahiya, ukisema sawa, mwezi wa saba mafundi wako kijitoni."

Sote tulimtazama. Daraja ndiyo njia pekee ambayo ingemfikisha kwa baba yake. Mwenyewe hupenda kutuambia kwamba mara ya mwisho alisoma dua akiwa upande huu wa maji, na sauti haikufika.

"Lifuteni," alisema. "Andika zahanati."

"Mama, hili ni la uhakika. Lile ni la kuomba tu."

"Basi tutaomba."

Zahanati bado haijajengwa. Imeingia kwenye mpango, nasi tunaifuatilia. Lakini tangu siku ile namna yetu ya kazi imebadilika, na aliyeibadilisha ni yeye. Anayekwenda kuuliza lazima awe mtu asiye na kwao katika kijiji hicho, na wanawake waulizwe wakiwa peke yao. Kwa kanuni hiyo aliyoiweka mwenyewe, Bi Bahiya haendi tena Nambweza. Anajua wakimwona watamwambia linalompendeza.

Kwa hiyo nakwenda mimi, narudi na sauti za watu nilizozirekodi kwenye simu, na tunazisikiliza pamoja mezani kwake. Juzi, kwenye simu, mama mmoja wa Nambweza alikuwa akieleza shida ya maji, akakatisha ili amwite mtoto. Kwa muda ikasikika tu sauti ya mtu akitwanga. Nilinyoosha kidole niiruke sehemu ile.

"Iache," alisema Bi Bahiya.

Mama yule aliporudi kwenye habari za maji, Bi Bahiya alikuwa bado amefumba macho. "Rudisha kidogo," akasema.